Cachet Ilikuwa Tayari na Wino

Lundi moja ya mwezi wa tatu, mwaka wa 1964, saa moja na nusu ya asubui, Feruzi alifungua mulango ya musée na funguo zake mbili, akavaa blouse nyeupe ya kazi, akanyoosha kofia yake mbele ya kioo ya vitrine. Kisha akamukuta Mama Nyota, mwenye kufagia, amepiga magoti chini ya lokole na kitambaa ku mukono.

— Patron, lokole imetapika.

— Tangu saa ngapi?

— Mimi nimekuta tayari. Iko baridi.

Feruzi alizunguka aangalie. Lokole, ngoma ya kusemea, ilikuwa mahali yake, salle ya pili, juu ya miguu ya chuma: muti nyekundu, munene, murefu kama mutu mukubwa amelala, tumbo wazi ndani, na juu midomo mbili, moja ya sauti nene, moja ya sauti nyembamba. Na ile midomo, zamani, Wagenia, wavuvi wa ku chutes pale maji inaanguka, walikuwa wanasemeshana toka ngambo mpaka ngambo. Sasa kwa kona ya mudomo kulikuwa kunateremuka maji ya rangi ya majivu, magamba ya samaki ndani, na harufu ya kitunga ya kuvulia yenye mutu alisahau ndani ya maji wiki mbili.

— Weka unga ya mbao, alisema, kisha akaenda ku bureau kutafuta fiche, karatasi ya kuandikia vitu.

Juu Feruzi alikuwa conservateur en chef, muchungaji mukubwa wa vitu vya musée ya taifa, na conservateur, kitu ikiingia ndani ya musée, anaiandika. Haulizi kwanza kama ile kitu iko muzuri ama inanuka. Aliweka maji kidogo na magamba tatu ndani ya chupa, akaifunga, akaandika kwa fiche: namba, tarehe, urefu, kitu gani. Ikabakia mustari ya mwisho, ile ya kusema kitu iliingia namna gani. Kwa ile mustari mutu wa musée haandikake na mukono. Anapiga cachet, muhuri. Kulikuwa cachet tatu za mupira: ACHAT, kwa kitu ya kununua, DON, kwa kitu ya zawadi, SAISIE, kwa kitu ya kunyanganya. Ile ya tatu ilikuwa inalala katika tiroir ya meza tangu ilitoka fabrique. Mupira yake ilikuwa bado na poudre nyeupe.

Feruzi aliwaza kidogo. Lokole ilitapika yenyewe, hakuna mutu aliiomba. Alipiga DON.

Ile DON ilikuwa na historia yake. Mwaka wa 1938 Feruzi alikuwa na miaka kumi na tisa, karani wa musée, mutoto ya Waziri fundi wa viatu wa quartier ya Waarabisé. Siku moja saa sita camion ya askari ilishusha lokole ku barza. Walikuwa wameikamata ku chutes, juu kila mara mwenye kukamatisha kodi akitoka ku poste, lokole ilikuwa inamutangulia, na yeye akifika ku vijiji anakuta kuku tu. Nyuma ya camion mwanaume moja Mugenia alikuwa anakimbia bila shati, mugongo yake imefunguka na fimbo. Jina yake Félicien. Alikuwa mupigaji wa ile lokole, kama baba yake. Alisimama ku mulango na akasema:

— Andika kama mumenyanganya.

Feruzi alikuwa na akili ya kuandika vile. Lakini mundele, muzungu mukubwa wa musée, alikuwa amekwenda kula, joto ilikuwa mingi, cachet ya DON ilikuwa tayari na wino ya violet juu ya zawadi moja ya asubui, na ile ya SAISIE ilikuwa inaomba mutu asimame afungue tiroir. Alipiga DON. Mundele aliporudi alisoma fiche, akacheka, akasema: «C'est plus propre», ni safi zaidi. Tangu siku ile kila kitu iliingia na DON: masque, viti, pembe, fimbo za wakubwa wa vijiji. Fiche elfu moja na mia ine, zote na mukono ya Feruzi.

Mwaka wa 1960 mundele alipanda ndege na kiatu nyeusi ku muguu moja na kiatu ya kahawia ku ingine. Aliacha funguo, blouse na cachet tatu. Feruzi akawa mukubwa, mweusi wa kwanza ku ile kiti. Walimupatia nyumba ya barza na ampoule sita za umeme. Watu wa quartier walianza kumuita Papa Conservateur, na yeye akaanza kutembea polepole.

Saa ine ya asubui, ile lundi ya lokole kutapika, Pétronille alifika. Alikuwa mwanamuke wa miaka makumi ine, muuzaji wa samaki ya moshi, mutoto ya Félicien.

— Papa Feruzi, nimekuya tena juu ya papa.

— Iko namna gani?

— Namna moja. Amekufa tangu février.

Ilikuwa kweli. Félicien alikufa tarehe tisa ya mwezi wa pili, na kikohozi. Infirmier alisikiliza moyo, akaandika karatasi. Padiri alimupakaa mafuta. Walimuosha, wakamulaza juu ya kitanda, na kesho yake asubui aliamuka, akaketi inje, akaanza kutengeneza kitunga yake ya kuvulia. Mupigaji wa Wagenia hawezi kwenda kama lokole ya nyumba yao haijapiga jina yake, ile jina murefu ya lokole yenye inataja baba na babu, kusudi wafu wenye walitangulia wasikie na wamufungulie. Lokole ya nyumba yao ilikuwa ku musée na DON. Donc muzee alikuwa anangoja. Alikuwa anakula kidogo, juu ya heshima. Nzi zilikuwa zinaingia ndani ya masikio yake na zinatoka, na yeye hazifukuzi.

— Anaoza, Pétronille alisema. Vidole mbili vya mukono ya kushoto vilianguka ndani ya sahani ya sombe. Watoto hawataki tena kula naye. Mutupatie lokole siku moja tu, apigiwe jina, tumuzike, tuirudishe.

— Mama Pétronille, sheria haijue siku moja. Kitu ya DON ni ya Etat mpaka mwisho wa dunia. Kama ingekuwa SAISIE, mungeandika barua, mungeomba irudi.

— Nani alipiga DON?

Feruzi alitengeneza bouton ya blouse.

— Ni zamani sana.

— Papa anasema ni wewe. Anasema ulikuwa mwembamba, na ulikuwa unakula karanga.

Pembeni yao, chini ya lokole, Mama Nyota alikamua kitambaa ndani ya ndoo.

— Karanga bado anakula, alisema.

Feruzi alikuwa anafikiri kama fiche moja ikibadilika, ya pili itauliza, na ya tatu, mpaka zote elfu moja na mia ine zitasimama ku mulango yake zinamuuliza mukono ya nani. Na mutu mwenye mukono kama ile hawamuachie blouse, wala nyumba ya ampoule sita. Alimuambia Pétronille arudi wiki ingine.

Lokole iliendelea kutapika kila siku, mbele ya saa moja. Ilitapika matope. Ilitapika kwanga, mukate ya muhogo, iliyoota mvi. Walimuita chercheur moja wa Yangambi, fundi wa wadudu, akakuya na bateau, akaingiza kichwa ndani ya tumbo ya lokole, akatoka na nyuso ya kijani. Aliandika rapport ya kurasa ine: mchwa. Aliacha bidon ya dawa. Lokole ilikunywa ile dawa na ikaitapika kesho yake, pamoja na mchwa moja, mukubwa, hai.

Siku ya kumi na moja kukaanza kutoka fimbo, ile chicotte ya ngozi ya kiboko. Haikutoka mara moja. Ilikuwa inatoka kila siku urefu wa mukono, nyeusi, yenye kuteleza, kama nyoka ya tumbo ya mutoto. Mama Nyota alitaka kuivuta amalize. Feruzi alimukataza, juu règlement inakataza kuvuta vitu. Donc walikuwa wanaipima tu na wanaiandika: leo hivi, kesho hivi. Wageni walikuwa wanasimama, wanaangalia, wanafunga pua, wanaenda kuona pembe.

Ministre wa province, Monsieur Alphonse, alikuya kuangalia, na mouchoir ku pua.

— Weka rideau, alisema.

— Excellence, kuna famille moja inasema hii lokole ilinyanganywa.

— Na nani?

— Na wazungu, Excellence.

— Wazungu wako wapi?

— Wameenda.

— Alors. Sasa iko ya nani? Ya sisi. Mutu anaweza kujinyanganya yeye mwenyewe? Acha DON yako mahali iko. Ni neno ya indépendance.

Walitundika rideau, kitambaa ya kijani, mbele ya lokole. Harufu haikujua rideau.

Mwezi wa nane waasi waliingia muji. Monsieur Alphonse alitoka na dirisha ya nyuma na kanzu ya bibi yake. Siku ya ine, commissaire ya culture ya waasi alifika ku musée. Aliitwa Constant, kijana wa miaka makumi mbili na tatu, majani kichwani, ngozi ya chui ku kifua. Feruzi alimukumbuka. Alikujaka zamani na classe yake, akavunja kioo ya vitrine ya vijiti na mupira.

Constant alisoma fiche.

— DON ya nani?

— Ya famille ya Félicien, wa ku chutes. Famille inasema haikuwa DON, camarade.

— Famille ni nani mbele ya peuple? Andika: DON ya peuple.

Feruzi aliongeza neno mbili. Kisha Constant aliomba mutu yake apige lokole, muji yote isikie. Yule kijana alipiga na nguvu yake yote. Sauti haikutoka hata moja. Midomo ya lokole ilifunguka na ikatapika juu ya bottes ya Constant: maji, chicotte urefu wa mukono, na lunettes za macho, kioo moja imevunjika, muguu imefungwa na uzi nyekundu.

Constant aliziokota. Ilikuwa lunettes ya monitor mwenye kumufundisha kusoma, na ule monitor walimupandisha ndani ya camion jeudi iliyopita, na Constant mwenyewe ndiye alisoma liste ya wenye kuuawa. Alizipangusa na shati, akazitia ku mufuko.

— Rideau yenu iko wapi? aliuliza.

— Iko pale, camarade.

— Ifungeni.

Mwezi wa kenda majirani wa Pétronille walichoka. Walisema mutu mwenye kufa na kuketi inje anaharibisha samaki yao ya kuuza. Pétronille alimupakia baba yake ndani ya pirogue, akamufikisha ku musée na pousse-pousse ya kusukuma, akamuketisha juu ya benchi, salle ya pili, mbele ya lokole.

— Kama lokole haiendi kwake, yeye anakuya kwa lokole, alisema.

Félicien alizungusha shingo polepole, juu shingo haikuwa tena na nguvu.

— Mutoto ya Waziri, alisema. Umenona.

— Jambo papa.

— Karanga iko?

Feruzi alimupatia karanga. Muzee alitafuna murefu. Zilikuwa zinatokea chini ya shavu, kwa shimo moja, na zinaanguka juu ya magoti moja moja. Mama Nyota alifagia. Feruzi alitoka ku barza kukamata mupepo. Hakukula muchana, wala mangaribi. Bibi yake alimuwekea lituma ya ndizi na samaki, yeye akaiangalia mpaka ikakauka.

Mwisho ya mwezi wa kumi na moja, ndege zilishusha askari, waasi wakakimbia njia ya Bengamisa, na kwa siku tatu hakuna mukubwa hata moja alikumbuka kama musée iko. Maiti zilikuwa ku avenue. Drapeau haikuwa ku bureau yoyote.

Siku ya pili Pétronille alifika na wavuvi sita, kamba, na mbao mbili za kubebea. Pirogue yao kubwa ilikuwa imefungwa ku mukingo.

— Papa Feruzi, ni leo. Hakuna ministre, hakuna commissaire. Piga ile cachet ingine.

Feruzi alikaa ku bureau. Alifungua tiroir. Alitoa SAISIE, akaipuliza poudre, akaikandamiza ku wino, akaijaribisha juu ya buvard, karatasi ya kukausha wino. Iliandika muzuri, herufi zote, safi kuliko DON, juu haikuchoka na kazi. Aliweka fiche ya lokole mbele yake. Aliinua mukono. Mukono ilibakia kule juu, na Pétronille alikuwa anaiangalia, na wavuvi sita, na Mama Nyota na ndoo yake.

Inje mutu alipiga risasi mbali.

Feruzi alipangusa SAISIE na mate na kipande ya karatasi, akairudisha ndani ya tiroir, akafunga.

— Tungoje autorité, alisema.

— Autorité gani? Angalia inje, papa. Hakuna hata polisi wa kukojoa ku muti.

— Itakuya.

— Pétronille, muvuvi moja alisema, acha huyu mutu. Mufereji iko na roho kuliko yeye. Tubebe tu.

Walishika kamba. Lakini Félicien aliinua mukono yenye vidole tatu.

— Hapana. Lokole ya kuiba haisikike kule ninakwenda. Waliichukua mbele ya watu, na karatasi. Wairudishe mbele ya watu, na karatasi.

Wavuvi waliacha kamba. Pétronille alikaribia bureau. Alichukua ile buvard yenye neno SAISIE, akaikunja mara ine, akaiweka ndani ya kitambaa ya kichwa, akaenda.

Kesho yake lokole ilitapika pete ine za ndoa. Askari wapya walikuya kuzichukua, juu walisema ni zao.

Mwezi wa kwanza wa 1965 autorité ilikuya. Aliitwa Octave, inspecteur toka Léopoldville, cravate, serviette ya ngozi, mutu wa adabu. Alikuwa anatembeza inventaire, hesabu ya vitu vya musée zote za taifa. Alipita salle ya kwanza, akasema muzuri. Alisoma fiche za matapishi, akasema Monsieur Feruzi anafanya kazi safi, ku Léopoldville hawaandikake hata nusu. Ku salle ya pili alisimama mbele ya benchi.

— Huyu ni nini?

— Papa Félicien, Monsieur l'Inspecteur. Amekufa. Anangoja lokole.

— Namba yake?

— Hana namba.

— Monsieur Feruzi. Kitu ndani ya salle bila namba, ile ni désordre.

— Si kitu ya musée. Ni papa ya mama moja wa ku chutes.

— Anangoja lokole?

— Ndiyo.

— Donc anafuata lokole. Accessoire. Lokole iko namba ngapi? Mia mbili na kumi na mbili. Yeye atakuwa mia mbili na kumi na mbili bis. — Octave alifungua stylo. — Nani alimuleta?

— Binti yake.

— Mulimunyanganya?

— Hapana.

— Mulimununua?

— Hapana.

— Ona basi, Octave alisema. Ni kazi rahisi.

Étiquette ya karatasi haikushika juu ya ngozi, juu ngozi ilikuwa inatoa maji. Feruzi alipiga cachet moja kwa moja juu ya mukono, chini ya kiwiko. Nyama ilizama kidogo chini ya mupira na haikurudi. Félicien aliinua mukono karibu na jicho yenye kubakia. Hakujua kusoma, lakini ile alama alikuwa anaijua. Aliionaka ku fiche, mwaka wa 1938.

— Hata mimi, alisema.

Octave aliwashukuru wote na akapanda ndege.

Tangu pale iko vile. Watu wanakuya ku musée dimanche, kisha misa. Ku mulango wanapewa kipande ya ndimu ya kushika ku pua. Wanaona masque, wanaona pembe, wanaona chupa za matapishi zimepangwa vizuri na namba, wanaona lokole na chicotte yenye imefika leo ku miguu ya benchi na bado inatoka. Wanamusalimia papa Félicien, na yeye anajibu, kama iko na nguvu. Watoto wanauliza kama anauma. Wazazi wanasema hapana, ni ya Etat.

Pétronille naye anakuya dimanche, na ticket. Dimanche ya kwanza alikaa benchi moja na baba yake, ku upande wa mupepo. Alimuletea samaki ndogo ndani ya majani. Muzee aliuliza kama maji ya chutes imepanda. Alisema imepanda. Aliuliza nani anavua mahali yake. Alisema hakuna mutu. Saa ya kufunga ilifika, Feruzi alitikisa funguo, polepole, juu anajua adabu.

Pétronille alipita mbele yake, akatoa ndani ya kitambaa ya kichwa ile buvard ya kukunja mara ine, akaiweka ndani ya mufuko ya blouse yake, pamoja na karanga.

— Chunga hii pia, papa, alisema. Wewe unajua kuchunga.

Feruzi aliingia ku bureau, akafunga mulango, na akatapika juu ya meza. Haikuwa chakula, juu hakukuwa chakula ndani yake. Ilikuwa wino, violet, mingi, nzito, ilijaza meza na ikaanza kushuka ku sakafu. Mama Nyota aliingia bila kubisha, akaona, akaenda, akarudi na ndoo na unga ya mbao.

— Lokole, papa Félicien, na wewe: ndoo tatu sasa, alisema. Mutaomba ya ine ku Léopoldville.

Feruzi alipangusa mudomo. Alichukua chupa, akaijaza kidogo, akaifunga. Alitoa fiche mupya, akaandika namba, tarehe, rangi, uzito. Alifika ku mustari ya mwisho. Aliangalia tiroir. Tiroir ilikuwa imefungwa, na cachet ya DON ilikuwa inalala juu ya meza, ndani ya ile maji ya violet, tayari na wino. Akatumia ile.